DOA LA KWAPA: LINATOKA WAPI, NA LITATOKAJE?

Mhariri wa jarida letu alipokuja kuniomba makala ya mwaka huu, mada zote nzito zilikuwa zimeshachukuliwa. Huyu anaandika juu ya ukame, yule juu ya wizi wa mifugo, mwingine juu ya faida za kamusi. Mimi nikabakiwa na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua na hakuna anayelitaja mbele za watu. Nalo ni lile doa la manjano linalokaa kwenye shati, chini ya kwapa.

Msicheke kwanza! Someni hadi mwisho, ndipo mcheke.

Kwa nini nimelichagua? Sababu ya kwanza ni kwamba tunaishi mahali pa joto. Hapa Lodwar kipimajoto hupanda hadi nyuzi 35 za Selsiasi siku nyingi za mwaka, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Kakuma, ambako ndiko kwetu, ni kilomita kama 120 kutoka hapa, na hali ni hiyo hiyo, tena mto Tarach ukikauka kunakuwa na vumbi la kuongezea. Mtu akitoka gwarideni asubuhi, shati limeshalowa. Na hili si la wenyeji peke yao. Shuleni kwetu tumo Waturkana, wamo wenzetu waliokulia katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, ambao wazazi wao walitoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Uhabeshi, na wamo waliotoka Kitale na kwingineko. Jasho halimwulizi mtu kabila wala kitambulisho.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mimi hukaa dawati la nyuma, na ukikaa nyuma unaona mengi. Nimewaona wenzangu wanaojua jibu, tena jibu sahihi, wakibana mkono ubavuni mwalimu anapouliza swali. Akiinua mkono, doa litaonekana. Akinyamaza, mwalimu atadhani hajui. Wengi huchagua kunyamaza. Yuko hata aliyeacha mijadala ya chama chetu kwa sababu hiyo hiyo, naye alikuwa msemaji hodari kutushinda sote. Simtaji, kwa kuwa hapendi kutajwa. Lakini niulize: je, ni haki doa la upana wa kiganja lizibe mdomo wa mtu kama huyo?

MANENO KWANZA

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, tuyapange maneno yetu kabla ya kuanza kufua. Kwapa ni ile sehemu iliyo chini ya bega, pale mkono unapoungana na mwili. Harufu ya jasho la hapo huitwa kikwapa, na kamusi zina neno lingine la kutuzi. Doa, au waa, ni alama ya rangi isiyotakiwa kwenye kitu.

Sasa angalieni vizuri. Kikwapa ni kitu kimoja na doa ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na doa kubwa shatini na asinuke hata kidogo. Mwingine shati lake ni jeupe pepepe, lakini ukiketi naye kwenye matatu ya kwenda Lokichogio utafungua dirisha mwenyewe. Tunapoyachanganya haya mawili tunamwonea mtu bure. Tunaona manjano tu, mara tunasema, "Huyu haogi." Kumbe ameoga kutushinda!

JASHO LENYEWE HALINA RANGI

Mwili wa binadamu hupozwa na jasho. Maji hutoka katika tezi za ngozi, hukauka juu yake, na yanapokauka huondoka na joto. Mtu asiyetoa jasho Lodwar saa nane mchana angekuwa mgonjwa mahututi.

Tezi hizo ni za aina mbili. Za kwanza zimeenea mwili mzima: usoni, mgongoni, viganjani. Jasho lake ni maji na chumvi kidogo. Hili ndilo huacha mistari myeupe kwenye shati la rangi nzito baada ya kucheza kandanda. Hiyo ni chumvi tu, na maji matupu huiondoa. Za pili ziko zaidi kwapani na sehemu nyingine zenye nywele, nazo hulala tangu utotoni mpaka mtu anapobalehe. Zikishaamka hutoa jasho zito kidogo, lenye protini na mafuta. Ndiyo maana mtoto wa darasa la pili hukimbia juani kutwa nzima na shati lake lisiwe na doa wala harufu, ilhali kaka yake wa sekondari akivuka barabara tu, kwisha! Si kwamba kaka ni mchafu. Amekua.

Hata jasho hili zito linapotoka huwa halina harufu ya kutajika. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, tajiri kwa maskini, ndio hulila na kuacha mabaki yanayonuka. Kwa hivyo harufu ni kazi ya bakteria. Rangi je?

BASI MANJANO HUTOKA WAPI?

Hapa ndipo wengi hushangaa. Mara nyingi doa huletwa na ile dawa tunayojipaka ili tusitokwe na jasho!

Madukani kuna dawa za kwapa za aina mbili, ingawa sisi huziita zote roloni. Aina ya kwanza hupigana na harufu peke yake: huwapunguza bakteria na kutia marashi. Aina ya pili huzuia jasho lenyewe, na hiyo huwa na chumvi za alumini. Chumvi hizo huyeyuka kwenye jasho na kuwa kama kizibo mdomoni mwa tezi. Zinafanya kazi, sikatai. Lakini zile zinazobaki juu ya ngozi huchanganyika na protini na mafuta ya jasho, zikahamia kwenye kitambaa, na siku baada ya siku hugeuka utando wa manjano. Shikeni kwapa la shati kuukuu msikie lilivyokakamaa kama karatasi. Huo ndio utando wenyewe. Anayetaka kujua dawa yake ni ya aina gani asome maandishi madogo nyuma ya kichupa. Akiona neno aluminium, basi ni ile ya kuzuia jasho. Hata shabu, lile jiwe linalong'aa kama barafu ambalo watu wengine hujipaka kwapani, ni chumvi ya alumini.

Mambo mengine matatu huongezea.

La kwanza ni vumbi. Utando ule unanata, na vumbi letu ni laini kama unga. Likinasa hapo, manjano hugeuka kahawia.

La pili ni maji. Maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvichumvi. Mnajua wenyewe jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu. Maji yakiwa magumu, sehemu ya sabuni huungana na madini yake na kuwa ugando wa kijivu. Usiposuuza vizuri, ugando huo hubaki katika kitambaa na kushika mafuta zaidi. Kwa hivyo mtu anaweza kufua kila siku na shati likazidi kufifia.

La tatu ni moto na klorini. Kuna ile dawa ya kung'arisha nguo ambayo sote huiita jiki, hata chupa ikiwa na jina lingine. Mtu akiona doa, jambo la kwanza ni kumimina jiki. Dawa hiyo ina klorini, na klorini husaidia kwa madoa mengi. Lakini ikikutana na protini za jasho huungana nazo na kufanya manjano mapya. Tena huzila nyuzi za pamba polepole, ndiyo maana mashati hutoboka kwapani kabla ya kuchakaa kwingine. Baada ya hapo mtu huchukua pasi ya makaa, akapiga juu ya doa. Joto huzigandisha protini kama yai kikaangoni. Nani ameshawahi kurudisha yai la kukaanga kuwa bichi?

NILIVYOJARIBU KAKUMA

Haya yote niliyasoma, lakini sikutaka kuwaandikia mambo ya vitabuni tu. Likizo ya Agosti nikaenda kwa shangazi yangu huko Kakuma. Kazi yake ni kufua nguo za watu: walimu, madereva wa malori, wafanyakazi wa mashirika. Mikono yake imeona mashati mengi kuliko duka la nguo.

"Shangazi," nikamwambia, "naomba shati moja kuukuu, lile ambalo huna haja nalo tena."

"La nini? La kupigia deki?"

"La kufanyia sayansi."

"Sayansi!" Akacheka. "Haya chukua hilo pale. Lakini maji yangu usiyamalize. Jerikani hiyo ndiyo ya mwisho leo."

Lilikuwa shati jeupe la mikono mifupi, na kwapa zote mbili zilikuwa na manjano sawasawa. Kwapa la kushoto nikalitia katika kopo lenye maji na dawa ya klorini kwa nusu saa. Kwapa la kulia nikalitia katika kopo lingine lenye siki nyeupe na maji kwa muda huo huo, kisha nikalifikicha kwa sabuni ya kipande. Makopo yalikuwa mbali mbali, na sababu yake nitaieleza hapa chini. Nikasuuza, nikaanika.

Lilipokauka tukalitazama. La kushoto lilikuwa limeiva zaidi, kama ukurasa wa kitabu cha zamani. La kulia lilikuwa limebaki na kivuli tu. Nikarudia siki mara ya pili kesho yake, kivuli nacho kikafifia.

Nilidhani shangazi atashangaa. Wapi! Akasema, "Mimi hiyo kemia yenu siijui, mwanangu. Najua tu kwamba shati la jasho halitaki jiki wala pasi. Doa likishapigwa pasi limeolewa hilo, halirudi kwao."

Nikalinakili papo hapo. Maelezo yangu yote ya protini na joto, yeye alikwisha kuyafupisha.

SHUKA HAIKUWA NA DOA HILI

Hebu tutoke kwenye beseni kidogo tuangalie nyuma. Wazee wetu walivaa ngozi, baadaye shuka inayofungwa begani. Shuka haina mkono wala mshono wa kwapa. Upepo unapita, jasho linakauka, hakuna kitambaa kinachosuguana na ngozi hapo kutwa nzima. Doa la kwapa lilikuja na shati la mikono, na likazidi na dawa za dukani. Basi mtu asituambie kwamba ni alama ya ushamba au ya watu wa jangwani. Ni alama ya shati.

Na hata aibu yenyewe ina historia. Dawa ya kwanza ya kupunguza harufu iliyouzwa na kupata jina, iitwayo Mum, ilitokea Marekani mwaka 1888. Baadaye zikaja za kuzuia jasho, zenye alumini na asidi kali iliyochoma ngozi na kula nguo. Watu hawakuzipenda sana. Wengi waliona jasho ni jambo la kawaida, kwa nini walinunulie dawa? Mwaka 1919 kampuni ya Odorono ilitoa tangazo katika gazeti la wanawake liitwalo Ladies' Home Journal. Tangazo hilo liliwaambia wasomaji kwamba mwanamke anaweza kuwa ananuka kwapa bila yeye mwenyewe kujua, na wengine wakamwepuka. Baadhi ya wasomaji walikasirika hata wakaacha kununua gazeti. Lakini dawa ikauzwa maradufu! Tangu hapo wauzaji walijua kwamba hofu ni biashara nzuri.

Sisemi tusijipake dawa. Kila mtu na hiari yake, na usafi ni jambo jema. Nasema tu kwamba aibu tunayoisikia haikutoka mbinguni. Ilitengenezwa, ikafungashwa, ikauzwa, ikatufikia mpaka huku. Mwishowe tunalipa mara mbili: tunanunua dawa ya kuondoa aibu, na dawa inatuletea doa la aibu.

NAMNA YA KULIONDOA

Sasa tuingie kazini. Najua mtauliza, "Maji yako wapi?" Swali la haki. Shirika la UNHCR huhesabu lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini kambini, yaani jerikani moja ya kunywa, kupika, kuoga na kufua. Wengi wetu tulio nje ya kambi hatuna zaidi ya hapo, na wapo wanaochimba mchanga wa lagha ili wapate ndoo moja. Kwa sababu hiyo njia hizi nimezipanga za maji ya kikombe. Huna haja ya kuloweka shati zima. Loweka kwapa peke yake.

Kwanza, ligeuze shati ndani nje. Utando uko upande uliogusa ngozi.

Pili, kama doa ni jipya, maji baridi na sabuni ya kipande yatatosha. Lowesha, paka sabuni, acha robo saa, fikicha kitambaa kwa kitambaa, suuza. Maji ya moto weka kando.

Tatu, kama doa ni la siku nyingi na limekakamaa, tumia siki nyeupe. Changanya siki kikombe kimoja na maji vikombe viwili, loweka kwapa kwa nusu saa. Siki ni asidi, nayo husaidia kuyeyusha zile chumvi za alumini na ugando wa maji magumu. Kisha suuza, paka sabuni, fikicha. Doa la miaka miwili halitoki kwa siku moja. Rudia mara mbili au tatu. Anayekosa siki atumie maji ya limau, lakini kwa shati jeupe tu, na asuuze sana.

Nne, kama kuna mafuta na harufu iliyong'ang'ania, hasa kwa mashati yenye polista, ambayo hushika mafuta na harufu kuliko pamba, tumia ule unga wa soda wa kuokea. Tia kijiko kimoja kikubwa katika maji kidogo upate uji mzito, paka, sugua polepole kwa mswaki wa zamani, acha nusu saa au zaidi, suuza. Wengine humwaga siki na soda pamoja kwa sababu povu lake linapendeza macho. Povu hilo ni kelele tu. Asidi na soda zikikutana zinamalizana zenyewe na kumwachia doa nafasi. Tumia moja, suuza, ndipo utumie nyingine.

Tano, kwa shati jeupe ambalo limekataa yote hayo, duka la dawa huuza haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Changanya sawa kwa sawa na maji, pakaza kwenye doa, ngoja nusu saa kivulini, suuza. Hung'arisha bila klorini. Kwa shati la rangi usithubutu, litapauka.

Sita, anika. Hapa sisi ni matajiri. Shati jeupe likianikwa juani likiwa bado bichi, jua hulisaidia kung'aa. Shati la rangi lianike kivulini au limegeuzwa ndani nje. Kabla ya kupiga pasi, tazama. Kama doa bado lipo, weka pasi chini, rudi kwenye beseni. Kumbukeni maneno ya shangazi.

Na ile bluu ya kufulia? Bluu haiondoi doa. Hutia samawati kidogo ili macho yasione manjano. Kwa kwenda harusini inafaa, lakini utando uko pale pale.

HATARI!

Sehemu hii ninaomba isomwe na kila mtu, hata aliyeruka zile nyingine.

Usichanganye kamwe dawa ya klorini na siki, limau au dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho, koo na mapafu. Gesi hiyo ilitumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1915. Usiichanganye na dawa yenye amonia pia. Ndiyo maana makopo yangu kule Kakuma yalikuwa mbali mbali, na nje ya nyumba. Fikirieni mtu akifanya hivyo usiku ndani ya bafu la bweni, milango imefungwa. Asubuhi tutakuwa tukizungumza habari nyingine kabisa.

Usitumie petroli wala mafuta ya taa. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo karibu na jiko ni moto unaongoja kiberiti.

Usijipake limau au ndimu kwapani halafu ukatoka juani. Maji ya ndimu ngozini yakipigwa na jua kali yanaweza kuleta malengelenge na mabaka meusi.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Ukivua shati jioni, hata kama huna maji ya kufua, lowesha kwapa kwa kikombe kimoja, paka sabuni kidogo, suuza. Dakika tatu tu. Doa la leo ni mgeni, la mwezi mzima ni mwenye nyumba.

Ukijipaka roloni, paka kidogo, ngoja ikauke kabisa ndipo uvae. Wengi wetu hupaka tukiwa tayari tunasikia kengele, tukavaa mbio, na dawa ikahamia kwenye shati badala ya ngozi. Ile ya kuzuia jasho hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku kwenye ngozi kavu. Na kama shida yako ni harufu tu, tafuta isiyo na alumini, au uoge vizuri kwa sabuni na kupunguza nywele za kwapani, kwa kuwa huko ndiko jasho na bakteria hujishikiza. Anayeweza kuvaa fulana ya ndani ya pamba na avae. Fulana itabeba doa badala ya shati.

Tena, kama unatokwa na jasho jingi hata ukiwa umetulia kivulini, mpaka linachuruzika, usijifiche. Hiyo ni hali inayojulikana na madaktari na ina matibabu. Nenda hospitalini ukaeleze bila haya.

OMBI LANGU

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuna shati moja au mawili ya sare. Mzazi ameuza mbuzi ili shati lipatikane, au limetoka mkononi mwa kaka aliyemaliza shule likiwa na doa lake tayari. Ukimcheka mtu kwa doa hilo, huenda unamcheka kaka yake aliyehitimu zamani! Badala ya kumpa jina la utani, mnong'oneze, "Jaribu siki." Ni maneno mawili tu, na yanasaidia kuliko kicheko.

Walimu wetu wapendwa, nanyi nawasihi kwa heshima. Siku ya ukaguzi wa sare, tafadhali msihesabu doa la kwapa pamoja na uchafu wa kola au shati lisilofuliwa. Mwanafunzi anaweza kuwa amelifua shati hilo usiku uliopita kwa maji aliyonyimwa usingizi kuyapanga foleni. Mkitaka kumrekebisha, mwiteni kando.

Mwisho, napendekeza kila bweni liwe na chupa moja ya siki nyeupe, pakiti moja ya unga wa soda na mswaki mmoja mkuukuu, vikae kwa kiranja wa usafi. Tukichangia shilingi chache kila mmoja mwanzoni mwa muhula, gharama haitamwumiza mtu. Dawa za klorini zikae mahali pake pengine, zimefungwa, mbali na siki. Chama chetu cha Kiswahili kiko tayari kuandika maelezo ya matumizi kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani. Mimi nimejitolea kuyaandika, na rasimu iko kwa mlezi wa chama.

Sasa mnaweza kucheka.